Hoja ya Mwalimu Okabe Iliyokosa wa Kuiafiki

Nimestaafu wiki iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minane. Mama aliposikia hivyo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kustaafu! Hata kodi hujawahi kulipa." Ni kweli. Mshahara sikupata, na cheo nilipandishwa mara moja tu, kutoka kubeba mwavuli hadi kubeba mwavuli na chupa ya chai, kwa hiyo hayo mawili nayaruka. Lakini nimemfanyia kazi Mwalimu Okabe tangu nina miaka kumi na minne, na nyinyi wawili, Neema na Salim, mnaanza mwezi ujao. Mimi nilipoanza hakuna aliyeniandikia chochote. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mmechukuliwa kwa ajili ya milango ya Waswahili wa mtaa huu, na pia kwa sababu nikiandika Kiingereza huwa najifanya mtu mchangamfu. Mimi si mchangamfu.

Nyinyi mnamjua kama diwani. Mimi nilimjua kwanza kama mwalimu wa hesabu. Alizaliwa Japani, kwenye mji mdogo ambao theluji yake, anasema, hupanda hadi madirishani. Alifundisha huko miaka michache, akaolewa na Mwingereza, akaja huku Ilford, mashariki mwa London, akafundisha hesabu mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilipoingia darasani kwake mume alikuwa ameshafariki, na watoto hawakujaliwa. Shuleni tulimwita Miss kama wengine wote. Mwalimu nilimwita kimoyomoyo, mpaka siku moja likanitoka, akaniuliza maana yake, akalipenda.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nakaa darasani kwake. Sikuwa na mtu wa kukaa naye kantini, na kula peke yako mbele ya shule nzima ni kazi ngumu kuliko hesabu. Yeye alikula wali wake kwenye kopo, mimi nikala mkate wangu, na hatukuongea. Ilikuwa hivyo mwaka mzima. Huo ndio urafiki mrefu kuliko wote niliowahi kuwa nao wakati huo, na mwenzangu alikuwa anasahihisha madaftari.

Alipostaafu ualimu akaamua kugombea udiwani. Familia zisizo na nyumba huwekwa na halmashauri kwenye vyumba vya muda, na chumba kikipatikana mji wa mbali, familia inahamishwa, hata katikati ya muhula. Mwalimu alikuwa anaingia darasani Jumatatu, anaita jina, haitikiwi, na mwenye jina ana mtihani karibuni. Alitaka kitu kimoja tu: mtoto aliye kwenye mwaka wa mitihani asihamishwe mpaka amalize. Kujiunga na chama hakutaka. Alisema vyama vina maneno mengi mno kwa mtu mwenye jambo moja.

"Unafanya nini asubuhi kabla ya shule?" aliniuliza siku aliyokuja kuchukua vitu vyake.

Mama ni kea, analea wazee majumbani mwao, na shifti yake huanza kabla jua halijafikiria kutoka. "Nasubiri shule ifunguliwe," nikasema.

"Basi njoo usubiri na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza tulisimama nje ya kituo cha treni, kwenye baridi ya kuuma masikio. Kwao, walimu husimama langoni asubuhi wakamsalimia kila mtoto, na wagombea husimama kituoni wakamsalimia kila abiria, wamevaa glavu nyeupe. Yeye alikuwa mwalimu na mgombea, basi hakuona haja ya kubuni njia nyingine. Alivaa glavu, akainama kwa kila aliyepita. "Habari za asubuhi. Mimi ni Okabe. Siku njema." Karatasi hakugawa, na ahadi hakutoa.

London haikuelewa. Bwana mmoja alitumbukiza sarafu kwenye kikombe chake cha chai, na chai ilikuwemo. Dada mmoja akauliza ni kanisa gani. Lakini wengi, wakiona glavu na kule kuinama, walidhani ni mtu wa reli anaomba radhi.

"Leo tena zimechelewa?" mmoja akamfokea.

"Hapana, treni zipo. Siku njema."

"Sasa unaomba msamaha wa nini?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Bado sijui," akamjibu.

Kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli na kunyamaza. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Unanyamaza vizuri. Wengine wakinyamaza unaona wanangoja zamu yao." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kitu hicho. Nilikifikiria siku nzima, kwenye kipindi cha sayansi na kile cha historia.

Kwa hiyo, upande wa vifaa: soksi mbili, hata mwezi wa tano. Anayekimbia msimsalimie, anayesikiliza simu mwinamieni tu. Mwavuli ushikwe upande wa barabara, maana maji ya mabasi yanatoka chini, hayatoki juu. Na msisimame karibu na muuza maua, ana wivu.

Milango ni shule nyingine. Ukishabonyeza kengele, rudi nyuma mpaka mwenye nyumba aione miguu yako. Mtu akiona miguu anatulia. Waswahili wa hapa wengi watawaambia neno lilelile: "Mimi si Mwingereza, sipigi kura." Hapo ndipo mtakapopata kazi yenu. Mtanzania, Mkenya au Mganda mwenye ruhusa ya kuishi hapa anapiga kura, kwa sababu nchi zetu zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Mwenye ruhusa ya kudumu hata kugombea anaweza. Kongo haimo, kwa hiyo Wakongo salimianeni nao vizuri, ulizeni hali, muondoke.

Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa Mama Achieng, nesi kutoka Kenya. Mwalimu alibonyeza kengele halafu akasimama nyuma yangu, makusudi.

"Nani?" Mlango ukafunguka. Alikuwa bado na sare ya hospitali.

Nikanyamaza vizuri. Halafu nikasema, "Shikamoo."

"Eh! Hiyo shikamoo ni ya Tanzania. Unauza nini, msichana?"

"Siuzi. Ni kura."

"Kura! Kwetu zinanunuliwa usiku, wewe unatembeza mchana kweupe?"

"Hapana, anti. Wewe unaweza kupiga kura. Hapa."

"Mimi? Na hii pasipoti yangu ya Kenya? Wacha mchezo."

"Na hiyohiyo."

Akageuka ndani. "Baba Otieno! Kuja usikie. Miaka hii yote tumekuwa na kura kwa nyumba na hatujui!" Kisha akamwangalia Mwalimu kuanzia viatu kwenda juu. "Na huyu mama Mchina ni nani?"

"Mjapani, anti. Ndiye mgombea."

"Mjapani! Gari letu ni la kwao, halijawahi kutuangusha. Mwambie aingie anywe chai."

Mwalimu aliinama, akashukuru, akasema tuna milango mingine. Hakuingia. Kwenye njia ya kurudi akataka kujua tulichokuwa tunacheka, nikamweleza. Tukafika kituo cha basi. Halafu akaniambia kwamba alifundisha watoto wa mtaa huu miaka yote ile bila kura hata moja, maana Japani haimo kwenye Jumuiya hiyo. Ili apige kura, na ili agombee, ilibidi awe Mwingereza. Na kwao hawaruhusu uraia wa nchi mbili. Alikwenda ubalozini mwenyewe kutoa taarifa, na pasipoti yake wakamrudishia ikiwa imetobolewa matundu.

"Kama tiketi," akasema.

"Na ukienda kwenu?"

"Nitapanga foleni ya wageni."

Alilisema kama anavyosema jibu la hesabu, bila kupandisha sauti wala kushusha. Nilitaka kumshika mkono. Nilikuwa na mwavuli kwenye mkono mmoja na mkono wa pili ulikuwa mtupu kabisa, lakini sikumshika.

Nyumbani nikamsimulia Mama. Tanzania nayo iko vilevile, ukichukua uraia wa kwingine unaacha wa kwetu, na Mama ameapa hachukui.

"Kaacha uraia kwa ajili ya udiwani?" akasema. "Si hata ubunge!"

"Anataka watoto wasihamishwe, Mama."

"Mimi siwezi. Nikifa nikazikwe Tanga kwa viza?" Akaendelea kukunja nguo. Baadaye sana, nilipodhani ameshasahau, akasema, "Huyo mwanamke yuko peke yake kuliko sisi."

Mwalimu alishinda, kwa kura chache. Mama Achieng hudai zote ni za nyumbani kwake. Asubuhi iliyofuata tulikuwa kituoni tena, kushukuru, na yule bwana wa treni zilizochelewa akasimama. "Mlishashinda, sasa bado mnataka nini?" Mwalimu akamwambia anashukuru. Bwana akaondoka akitikisa kichwa. Nadhani hajawahi kushukuriwa na kitu chochote cha serikali.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, ambayo ni vikao vya halmashauri. Wananchi tunakaa juu, kwenye roshani, madiwani wanakaa chini kwa vyama vyao. Mwalimu alipewa nafasi ya pembeni, karibu na bomba la joto, mahali ambapo hapana chama. Kanuni iko hivi: diwani anasoma hoja yake, meya anauliza nani anaafiki, diwani mwingine anasema naafiki, ndipo hoja inajadiliwa. Isipopata wa kuiafiki inaanguka palepale. Haijadiliwi, wala haipingwi. Ni kana kwamba haikusemwa.

Mwalimu akasoma hoja yake ya mitihani, kwa sauti safi, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Nani anaafiki?" meya akauliza.

Ukumbi ukanyamaza. Mimi najua aina za ukimya, na ule haukuwa wa ubaya. Ulikuwa wa watu wanaotafuta peremende mfukoni.

"Hoja imeanguka. Tuendelee."

Mwalimu akainama, akakaa.

Kwenye basi akasema, "Sikuiandika vizuri." Akaenda nyumbani akaiandika upya, fupi zaidi. Kanuni zilipomruhusu kuirudisha, akairudisha. Ikaanguka. Akaibadilisha mpangilio. Ikaanguka. Kila mara mimi nilikuwa juu roshani, yeye chini, na kila mara tulirudi na basi lilelile akiitafuta sentensi yenye kosa. Nilimsaidia kuitafuta. Kwa kweli ilikuwa hoja iliyoandikwa vizuri kuliko zote zilizosomwa mle ndani, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Jumamosi tulikuwa na baraza kwenye pembe ya maktaba, watu wanakuja na shida zao. Huko ndiko alikokuja mama yake Grace, Mganda. Grace alikuwa darasani kwangu. Alikuwa ameanza kukaa na mimi kantini, bila kuniuliza, aliweka tu sahani yake. Walipewa chumba kwenye mji ambao mimi nimeuona kwenye mbao za treni tu, na ulikuwa mwaka wetu wa mitihani. Mwalimu alipiga simu mpaka sauti ikakauka. Alikwenda nao ofisini, akaketi nao kutwa. Wakahamishwa Ijumaa. Mimi na Grace tuliandikiana muda kidogo, halafu tukaacha, na sijui nani aliacha kwanza.

Kikao kilichofuata Mwalimu aliisoma hoja tena. Niliinamia reli ya roshani. Mwananchi akipiga kelele kule juu anatolewa nje. Sikupiga kelele. Ikaanguka, na usoni pa Mwalimu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: alikuwa anahesabu alichotoa na alichopata. Kwenye basi hakuitafuta sentensi. Akasema, akiniita kwa ile "san" ya heshima ya kwao, "Labda nirudishe kiti mwakani, Mwanaidi-san, nisigombee. Mtu mwingine atakaa vizuri zaidi."

Nilifika nyumbani nikiwa na uso huohuo. Mama alikuwa kwenye simu, kikao cha harusi ya binamu yangu, nusu ya watu wako Tanga na nusu Peckham, hapahapa London. Akazima maikrofoni. "Nani kafa?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni nadra.

"Sasa mlimwomba nani?"

"Kuomba nini?"

"Kuafiki! Kabla ya kikao. Mlimpigia nani simu?"

"Hakuna."

"Miaka yote?" Akaniangalia kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "We Mwanaidi. Hata mchango wa harusi haupelekwi kikaoni hivihivi. Unampigia shangazi mmoja jioni, unamwambia, kesho nikisema kitu fulani, wewe ndiye wa kwanza kuitikia. Ndipo na wengine wanaitikia. Nyinyi mnasimama mnasoma, mnangoja nani? Malaika?"

Kesho yake nikamwambia Mwalimu. Masikio yake yakawa mekundu.

"Kuomba kabla? Si sawa na kumpa mtu majibu kabla ya mtihani?"

"Mama anasema si mtihani, ni harusi."

Halafu akasema, "Kwetu pia wanafanya hivyo. Wanazunguka kwanza, mmoja mmoja. Mimi siwezi. Majirani wote, mume wangu ndiye aliyekuwa anaongea nao." Akaangalia glavu zake. "Naona haya, Mwanaidi-san."

Nikajua nimefanya kazi muda wote huo chini ya mtu mwenye haya kunizidi, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake. Tulikuwa tumekubaliana, bila kuongea, kwamba watu wakinyamaza ni kwamba hawataki.

Kuna diwani mzee wa chama kikubwa, Bwana Jayesh, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko. Kabla ya kikao madiwani hunywa chai ukumbi wa nje. Mwalimu alikuwa mwisho kabisa, anajifanya kusoma tangazo la namna ya kutoka moto ukiwaka. Nikavuka ule ukumbi. Kwa Kiingereza nisingeweza.

"Shikamoo."

Akageuka na biskuti mdomoni. "Marahaba! Nani kakufundisha? Wajukuu wangu wananiambia hai."

"Mama. Ni wa Tanga."

"Tanga! Basi sema unataka nini, shikamoo ya Tanga haiji bure."

"Mwalimu Okabe anaomba uafiki hoja yake."

"Anaomba yeye, au unaomba wewe?"

"Yeye. Anaona haya."

Akamtazama Mwalimu kule mwisho, akaacha kutafuna. "Haya? Yule mama? Anainuka, anasoma, anainama, anakaa. Hata chai hanywi na sisi. Sisi tunasema anajidai, hataki mtu."

"Hajui kama anakaribishwa."

"Chai nayo inataka kadi?" Akajifuta mikono. "Haya. Nitaafiki ijadiliwe. Lakini kwenye kura nitaipinga, nakuambia kabisa usije ukalia. Chama ni chama."

Sikujua kama huo ni msaada. "Ahsante, babu."

"Babu! Nimekwisha," akasema, akaenda kujaza kikombe.

Mwalimu akasoma. "Nani anaafiki?" meya akauliza, huku mkono wake umeshafika kwenye karatasi inayofuata.

"Naafiki," akasema Bwana Jayesh.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuinama ili akae. Ikabidi anyooke tena, na kwa muda akasimama tu, kwa sababu hakuwahi kujiandaa kwa kitu cha baada ya hapo. Halafu wakaanza. Mama mmoja akasema gharama. Bwana mmoja akasema si haki kwa watoto wasio na mitihani. Mwingine akataja takwimu, na hapo mwalimu wa hesabu akaamka. "Hapana. Rudia hiyo, pole pole." Akarudia, ikamshinda njiani, ukumbi ukacheka, na Mwalimu akaukataza kucheka. Walinyamaza kama darasa. Wakampinga tena, akawajibu, wakampinga zaidi. Wengine walikuwa wamegeuza viti ili wamwone vizuri pale pembeni.

Kura zikapigwa, hoja ikashindwa. Bwana Jayesh aliinua mkono wa kupinga, akaniangalia juu, akainua na mabega.

Nilishuka ngazi nikiwa nimebeba koti la Mwalimu, nikijizoeza maneno ya kumfariji. Nilikuwa na matatu mazuri. Nikamkuta ukumbi wa nje katikati ya madiwani, ana kikombe mkononi. Yule mama wa gharama alikuwa anamwambia kwamba ingekuwa ni muhula wa mwisho tu kabla ya mitihani, siyo mwaka mzima, hata yeye angeiangalia. Mwalimu alikuwa anasema, "Hapana, hapana, sikiliza," na mashavu yamemwiva. Akaniona.

"Mwanaidi-san! Wamenipinga!"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Karibu wote!" Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, na mdomo wazi. Halafu Bwana Jayesh akamuuliza kitu, akageuka.

Nilingoja kidogo. Nikaweka koti lake kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, nikatoka nikapanda basi peke yangu. Sikulia, kama mnataka kujua, ila nilikaa juu na sikuona tulikopita. Siku ya pili nilimwambia naondoka, nina chuo mwezi wa tisa, na yeye akaniambia amebadili mawazo kuhusu kiti, atagombea tena.

Basi hoja itarudi, ya muhula mmoja, na zamu hii kuna watu wa kuombwa kabla. Jambo moja la mwisho, la kazi. Baada ya vikao msimngoje nje mlangoni kama nilivyokuwa nafanya mimi. Siku hizi anachelewa kutoka, anaongea. Tafuteni mahali penye joto mkae.